Wazalendo wa Uvira: bila listi hakuna mushahara

Anayepanda barabara ya Uvira kwenda Bukavu anazijua bariere: kamba, kijana mwenye bunduki, makuta kidogo. Kwetu sisi, ule ni mushahara ambao serikali haikutoa, na anayeulipa ni mama muuzaji wa ndagala.

Inchi imekwisha kuona haya. Mwezi wa 1, 1993, askari wa Mobutu walilipwa noti za zaire milioni 5, maduka yakazikataa, wakapora Kinshasa. Tena, zamani komanda ndiye alipokea mfuko wa kikosi kizima, na majina ya watu hewa yakajaa kwenye listi. Tangu 2005, kwa musaada wa Ulaya (EUSEC), jeshi likaanza kutenganisha anayetoa amri na anayelipa.

Na Wazalendo je? Sheria ya 2023 iliunda jeshi la akiba, ila huku ziwani vikundi vingi vinasikiliza wakubwa wao wenyewe. Mukubwa akisema ana watu mia tano, nani atawahesabu? Serikali iandikishe kijana mumoja mumoja, Uvira, Baraka na Fizi, kwa alama za vidole, pamoja na jina la bibi yake. Akifa bila kuandikwa, mujane ataenda kudai kwa karatasi gani?