Mwacheni Mtoto wa Chekechea Acheze

Kila Januari ikikaribia, wazazi wa mijini huanza kuzunguka kukagua shule za awali, na wengi hukagua kitu kimoja tu: madaftari. Yamejaa? Watoto wameshafika herufi gani? Vema nyekundu ni ngapi? Shule inayomrudisha mtoto wa miaka minne na kurasa tano za kazi ya nyumbani inasifiwa hadi kwenye vikao vya harusi. Inayomrudisha na mchanga kwenye soksi inaambiwa inakula ada za watu bure.

Imani hii ni potofu, na wanaoilipia ni watoto. Daftari lililojaa la mtoto wa chekechea mara nyingi ni ushahidi wa jambo moja: kuna mtu mzima aliyemshika mkono.

Lifungue uone. Ukurasa mzima ni herufi a, mistari kumi, kila moja imepitishwa juu ya nukta alizoweka mwalimu. Mstari wa kwanza herufi zimesimama. Ukifika wa nne zimeanza kulala. Wa saba zimetoka nje ya mstari na karatasi imetoboka kwa penseli iliyokandamizwa. Wa mwisho zimenyooka ghafla, safi, za mtu aliyemaliza shule zamani, maana ni saa tatu usiku, mtoto anasinzia na mama amechoka kubembeleza. Kesho yake mwalimu anaweka vema. Aliyefaulu hapo ni nani?

Mkono wenyewe bado haujakomaa. Katika umri huo baadhi ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono ingali gegedu, na huchukua miaka kugeuka mfupa kamili. Vidole vya mtoto hupata nguvu kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchambua mchele na kushika mawe.

Watazame watoto wanaocheza mdako. Kokoto zimo shimoni. Mmoja anarusha jiwe juu, na kabla halijatua anakomba kokoto kadhaa nje, kisha analidaka. Analirusha tena na kuzirudisha zote, anabakiza moja. Zikibaki mbili amekosa, na wenzake wameshaona kabla yake. Humo mna kuhesabu na kutoa, jicho na mkono kwenda pamoja, kungoja zamu, kukubali kushindwa na kubishana kwa hoja. Mwalimu aliyesomea elimu ya awali akipita hapo anaona somo la hesabu. Mzazi akipita anauliza kwa nini hawasomi.

Hoja kubwa ya wapenda madaftari ni kwamba asiyeanza mapema ataachwa nyuma. Ataachwa na nani? New Zealand watafiti waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofikia miaka 11 hivi, walioanza mapema hawakuwa na faida yoyote ya kusoma kuliko wenzao. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Tanzania, Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka miaka 7 kuwa umri wa lazima wa kuanza shule. Wengi wa madaktari na wahandisi wa kizazi hicho walishika penseli kwa mara ya kwanza darasa la kwanza.

Wengine watasema kujifunza kwa michezo ni anasa ya Wazungu. Basi na waangalie Mombasa. Miaka ya 1980 wazazi wa Kiislamu wa Pwani walitaka watoto wao wajiandae kwa shule za kisasa bila kupoteza dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa mtandao wa Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, zikazaliwa shule za awali ndani ya madrasa, kisha mpango ukaenea Zanzibar na Kampala. Watoto walijifunza kwa nyimbo na hadithi za kwao, na vifaa vyao vilikuwa vifuu, mbegu, makopo na vitambaa. Watafiti walipokuja kuwapima baadaye Kenya, Zanzibar na Uganda, watoto hao waliwazidi wenzao wa shule nyingine za awali katika uwezo wa kufikiri.

Mpango huo ulichukua sehemu ya mbinu zake kutoka Ypsilanti, mji wa Marekani ambako mwaka 1967 watoto 68 wa familia maskini waligawanywa katika makundi matatu. Moja lilifundishwa kwa mazoezi na majibu ya pamoja. Mawili yaliachiwa nafasi ya kucheza na kuchagua shughuli. Mwanzoni wote walipanda katika vipimo vya akili. Walipofuatiliwa hadi miaka 23, kundi la mazoezi ndilo lililokuwa na matatizo mengi zaidi ya kihisia na ya kukamatwa na polisi. Idadi ni ndogo, sikatai. Lakini wanaodai kwamba kukaririsha ndiko kunakojenga mtu nao watuletee ushahidi wao.

Kisha kuna Kiingereza. Mtoto anaingia darasa ambamo hawezi kumwambia mwalimu kwamba tumbo linamuuma, na akisema Kiswahili anakaripiwa. Wazazi wanaita hilo maendeleo. Anayeweza kuimba rangi saba kwa Kiingereza lakini hawezi kusimulia alichokiona njiani kwa lugha yoyote amepewa kasuku wa kumwakilisha.

Lawama si ya wazazi peke yao. Shule nyingi za msingi za binafsi huwafanyia usaili watoto wa miaka 5 na 6, na chekechea zinafundisha kwa ajili ya usaili huo. Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Sasa ni zamu ya usaili. Kumtahini mtoto wa miaka 5 ili kumnyima nafasi kusiruhusiwe kabisa.

Simtetei mwalimu anayewasha katuni asubuhi na kuzizima wakati wa kwenda nyumbani. Kufundisha kwa michezo ni kazi ngumu kuliko kuandika a ubaoni: inataka mwalimu aliyefunzwa, kona zilizopangwa, vitabu vya hadithi vinavyosomwa kwa sauti kila siku, na idadi ya watoto anayoweza kuwajua kwa majina. Kiwango chetu kinasema mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Katika shule nyingi za umma kiwango hicho kimebaki kwenye makaratasi, na mwalimu aliyezingirwa na watoto themanini hana la kufanya ila kuwaimbisha irabu. Hapo ndipo kelele zetu za wazazi zingefaa kuelekezwa.

Mzazi unayetafuta shule Januari hii, acha madaftari yapumzike. Uliza mwalimu amesomea wapi elimu ya awali. Uliza anawasomea watoto hadithi mara ngapi kwa wiki, na kwa lugha gani. Uliza wanatoka nje kwa muda gani. Kaa nyuma ya darasa nusu saa uhesabu ni mara ngapi mtoto anauliza swali na kujibiwa. Ukisikia sauti ya mwalimu peke yake na mwangwi wa watoto wanaomrudia, chukua ada yako uende kwingine.