Mafunzo ya kompyuta kwa intaneti: wa Goma naye ahesabiwe

Wanaoandaa mikutano ya intaneti ya vijana watengenezaji wa programu za kompyuta hupenda kutangaza hivi: «Saa nane kamili, kwa video.» Saa nane ya wapi? Kinshasa ikiwa saa nane, Goma na Bukavu ni saa tisa. Kijana wa Goma akifuata saa yake, atangoja saa nzima huku mega zinaisha. Waandike saa ya pande zote mbili, hiyo haiombi pesa.

Lakini shida kubwa ni video. Watu kumi wakionyeshana sura na kusalimiana, mega nyingi zinakwenda bure. Sauti peke yake hula kidogo, maandishi kidogo zaidi. Katika familia iliyokimbia vita na kupokelewa kwa jamaa, mega za kijana zinatoka kwenye pesa ya unga.

Somo liwe moja tu, dakika 40 zinatosha. Mwalimu aeleze dakika 15, kisha vijana wajaribu wenyewe na kuuliza, kwa Kiswahili pia. Mifano ya programu itumwe siku moja mbele kama maandishi, si picha ya kompyuta isiyosomeka kwenye simu ndogo. Umeme ukikatika katikati, aliyepotea akute maelezo na majibu yameandikwa.

Wengine watasema bila video mkutano unapoa. Basi waiwashe dakika tano za mwisho, kwa wenye mega.