Malaria kidogo Singida, lakini chandarua bado kinahitajika Mkiwa

Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara; sisi tuko chini ya hapo, ila jirani zetu Tabora walifika asilimia 23.

Tunaona kuna mtego. Asiyeugua mara kwa mara hana kinga, hivyo malaria ikimpata, hata mtu mzima, humlaza haraka. Na Mkiwa ni njia panda: barabara ya Itigi inakutana hapa na ya Dodoma–Singida. Msafiri akilala kwako na vimelea mwilini, mbu akamuuma, baada ya siku kumi hivi mbu huyo anaweza kumwambukiza mwanao.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada iliyokuwa ikinunua vyandarua na vipimo. Kwa hiyo chandarua cha kliniki kisiishie kufunika vifaranga (tumeviona!). Homa ikikushika, nenda zahanati upimwe kabla ya kumeza dawa mseto. Kipimo cha tone la damu huchukua kama dakika 20.