RDC: Kobalti yetu inaotesha mirija ya kaboni, lakini mbali na Kolwezi

Tukisema kobalti, wote tunafikiri batri za magari. Kuna kazi nyingine ambayo watu wengi wa Lualaba na Haut-Katanga hawajaisikia: kobalti inatumika kuotesha mirija ya kaboni, ile wataalamu wanaita nanotyubu. Unywele wa kichwa unapita mrija mmoja kwa unene mara maelfu. Lakini ukiuvuta, mrija huo unashinda chuma cha pua kwa nguvu, na unapitisha umeme vizuri. Ndiyo sababu viwanda vinauchanganya ndani ya batri na plastiki.

Namna ya kuiotesha si uchawi. Unga wa alumina ao wa silika unaloweshwa katika maji yenye chumvi ya kobalti, ya chuma ao ya nikeli, unakaushwa, kisha unachomwa. Chembe ndogo sana za metali zinabaki zimeshika juu ya unga. Unga unaingizwa katika tanuru, kati ya digrii 600 na 1000, na gesi yenye kaboni inapitishwa juu yake: asetileni, etileni ao metani. Gesi ikigusa metali inavunjika. Hidrojeni inakwenda zake, kaboni inashikwa na chembe, na chembe ikishiba, kaboni inatoka ikijipanga kama mrija. Ukubwa wa chembe ndio unaamua unene wa mrija. Chembe zikiungana na kuwa kubwa, utapata masizi tu.

Mjapani Sumio Iijima alieleza mirija hii mwaka wa 1991. Mwaka wa 1993, watafiti wa IBM kule California walitumia kobalti kupata mirija yenye ukuta mmoja. Mwaka uliofuata, watafiti wa chuo kikuu cha Namur, Ubelgiji, walitangaza kazi yao ya kuiotesha kwa asetileni. Ubelgiji hiyohiyo ambayo kiwanda chake cha Olen kilisafisha madini ya Katanga tangu miaka ya 1920! Kutoka Namur ikazaliwa kampuni Nanocyl, mwaka wa 2002.

Tusidanganyane: kazi hii inahitaji kobalti kidogo sana, haitajaza mgodi hata mmoja. Lakini ndipo somo lilipo. Bei haiko katika uzito wa udongo, iko katika ujuzi. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inaiuza ikiwa hidroksidi, na kazi ya kuisafisha inafanyika zaidi China. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025 serikali ilisimamisha kuiuza inje, na mwezi wa 10 ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Tunaunga mkono, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya. Lakini kupunguza magunia si kujua kuyafanyia kazi.

Hata metani tunayo. Ziwa Kivu linabeba karibu kilomita za ujazo 60, na Rwanda tayari inaitoa umeme. Gesi ile ingepaswa kusafishwa kwanza, maana ina salfa, na salfa inaua kazi ya kobalti katika tanuru. Hiyo yenyewe ni kazi nzuri kwa wanafunzi wa kemia wa Goma na Bukavu.

Kuanza hakuhitaji mabilioni: tanuru la bomba la kwarzi, chupa za gesi, mizani sahihi, na umeme usiokatika kwa saa kadhaa (hapo ndipo wengine watacheka). Tena kinga ya mapafu, kwa sababu mwaka wa 2014 wataalamu wa kansa wa Umoja wa Mataifa waliweka aina moja ya mirija hii kati ya vitu vinavyoweza kuleta kansa. Wachimbaji wetu wamekula vumbi ya kutosha.

Feza iko. Kodi ya madini juu ya kobalti ni 10%, na kwa sheria ya 2018, sehemu ya kumi ya kodi hiyo inakwenda katika mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Lubumbashi ilipewa kituo cha utafiti wa batri mwaka wa 2022. Kikao cha bajeti kinafunguliwa kila mwezi wa 9. Wabunge wa Katanga na wa Kivu waulize wazi: katika feza za mfuko huo, ni dola ngapi zimefika katika laboratware ya kemia, na zimenunua nini?