MAHINDI YALIYOSIMAMA KWENYE MAJI HAYANA SHIDA YA UREA



Kila masika ikishika huku Bonde la Kilombero, simu yangu inakuwa na swali moja tu: "Bwana shamba, mahindi yangu yamekuwa ya njano, niweke mifuko mingapi ya Urea?" Siku hizi simtajii mtu mifuko. Namuuliza kwanza, ukisimama katikati ya shamba miguu inazama? Akisema inazama, namwambia hela yako iache mfukoni.

Wengine wananuna. Wanaona nawabania utaalamu. Lakini mimi hili somo nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, stashahada bado mpya kwenye bahasha, mama mmoja alinipeleka shambani kwake ekari moja na nusu, bondeni kabisa. Nikaona majani ya njano, nikakumbuka picha ya darasani, nikasema upungufu wa nitrojeni huo, weka mifuko miwili. Wala sikuchimba hata kishimo kidogo. Mvua ikaendelea, na baada ya wiki mbili shamba lilikuwa limekwisha. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ile hela ilikuwa ya kikoba." Mpaka leo nikipita kwake napunguza mwendo wa pikipiki nimsalimie, na bado naona haya.

Sasa tuelewane kinachotokea kule chini. Mizizi inapumua kama wewe. Udongo mzuri una matundu yenye hewa, na mizizi inachukua oksijeni humo. Mvua ikijaza yale matundu, hewa inatoka. Oksijeni hupita kwenye maji taratibu mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyopita hewani, kwa hiyo ile iliyobaki ikitumiwa na mizizi na vijidudu vya udongoni, ndani ya siku moja au mbili inakuwa imeisha na haipati mbadala. Mzizi usio na hewa hauna nguvu ya kuvuta chakula. Hata maji hauyavuti vizuri, ndo maana unaona mmea umesinyaa kama uko jangwani wakati umesimama kwenye dimbwi! Ukimwaga Urea hapo unamwekea ugali mtu aliyekabwa koo.

Na kuna hasara nyingine. Udongo ukikosa hewa, wapo bakteria wanaochukua oksijeni iliyomo ndani ya naitreti, na nitrojeni inatoroka juu kama gesi. Kwa hiyo hata akiba iliyokuwepo shambani kabla ya mvua inapungua. Hiyo njano ni ya kweli, na nitrojeni kweli imepungua mle ndani ya mmea, ila chanzo ni maji.

Mtu ataniambia, mbona mpunga uko humohumo na unastawi? Vuta mche wa mpunga, ukate mzizi wake uangalie kwa makini. Una mirija ya hewa inayoanzia kwenye majani mpaka kwenye mizizi, na ngozi ya nje ya mzizi inazuia hewa isivuje njiani. Magimbi nayo yana ujanja kama huo. Mahindi yanajaribu, utaona yanatoa mizizi mipya karibu na uso wa udongo kutafuta hewa, lakini hayafiki kwa mpunga. Maharage hayajaribu sana, na mpapai ndo usiseme, siku mbili tu maji yakisimama unaweza kuuaga. Hata mpunga wenyewe ukifunikwa wote mpaka juu ya majani kwa wiki moja hivi unakufa, isipokuwa aina chache kama Swarna-Sub1 ya kule India, inayovumilia karibu wiki mbili kwa kutulia na kutunza nguvu zake.

Umri nao una maneno. Hindi changa, lenye majani chini ya sita, kiini chake cha kukua bado kiko chini ya udongo. Hapo siku mbili mpaka nne za mafuriko na joto zinatosha kuliua. Likishapita hapo lina nafasi zaidi.

Lawama kubwa naitupa kwetu sisi maafisa ugani. Mikutano yetu ni mbegu, mbolea na dawa. Mfereji nani anauhubiri? Hauna wakala wala kofia ya kugawa. Jembe moja na siku mbili za kazi kabla ya mvua zingeokoa mashamba mengi kuliko mifuko tunayohangaika nayo mwezi wa nne, hata kama ni ya ruzuku. Najua kuchimba peke yako kuna shida, maji yako yataingia kwa jirani mkagombana. Kaeni mchimbe pamoja mpaka kwenye korongo.

Na mahindi yasipelekwe kila mahali kwa sababu bei imepanda. Chimba futi mbili wakati wa kiangazi. Ukikuta udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, hapo maji hutuama kila mwaka, hata kama leo pamekauka. Panda mpunga. Ukilazimisha mahindi, inua matuta.

Kama maji yameshaingia, yatoe kwanza. Usiingie kupalilia udongo ukiwa tope, utaushindilia zaidi. Subiri siku nne, tano, halafu ng'oa miche michache sehemu tofauti. Mizizi ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka, hesabu hasara mapema ufikirie kupanda kitu kingine. Ikiwa meupe na jani jipya linatoka, hapo sasa ndo weka mbolea yako ya kukuzia.

Simu zenu napokea, ila mjue swali langu la kwanza litakuwa kama umeshachimba shimo.