NANI ALIPE YA KUTOLEA?

Pale Mwaloni Kirumba, ambapo dagaa wa Ziwa Victoria hushushwa na kufungwa katika magunia kabla ya kwenda Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko, limezoeleka neno ambalo wazee wetu hawakulijua. Kibarua amalizapo kupakia lori hanyoshi tena mkono kupokea noti. Husema: "Tajiri, tuma na ya kutolea." Tajiri akiitika, kibarua hupata ujira wake kamili. Tajiri akijifanya hakusikia, ujira hufika katika simu ukiwa umetimia kwa hesabu, lakini umepungua kwa kweli. Kwa kuwa kibarua yule aendapo kwa wakala kutoa fedha yake, hukatwa ada.

Twasema wazi kwamba jambo hili si dogo. Mtu aliyepatana shilingi 10,000 kwa kazi ya mgongo wake, kisha akaondoka na pungufu ya hizo, amepunguziwa mshahara. Aliyempunguzia hakutumia nguvu wala hakuvunja kufuli. Alinyamaza tu.

Wako wasemao kuwa kibarua halazimiki kutoa. Na alipe kwa simu hiyo hiyo. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu mwenye gari. Nauli ya daladala hulipwa kwa fedha mkononi, mama lishe wengi hawana Lipa Namba, na mwenye chumba hutaka noti. Basi ada ya kutolea ni gharama ya kumlipa mtu kwa simu, na aliyechagua kulipa kwa simu ni mwajiri. Yafaa abebe mzigo wake mwenyewe.

Wakazi wa Usukumani hawana haja ya kufundishwa habari za namna hii. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja kwa mizani. Mkulima aliijua pamba yake vizuri kuliko mtu ye yote, lakini mizani ilikuwa katika mkono wa mnunuzi, na namba zake alizisoma mnunuzi. Ndipo Paul Bomani na wenzake wakajenga ushirika, na mwaka 1955 vyama vikaungana hapa Mwanza kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Leo mizani ile imegeuka kuwa maneno: makato, tozo, floti, muamala, salio. Anayeyajua ndiye apimaye, na asiyeyajua hupimiwa.

Tuanze na hilo la makato, maana ndilo linalozua ugomvi mwingi. Ndani yake yamefichwa mambo zaidi ya moja. Iko ada, ambayo ni ya kampuni, na wakala hupata sehemu yake kama kamisheni. Iko kodi, ambayo ni ya Serikali. Na iliwekwa tozo ya miamala, iliyoanza Julai 2021 kwa kiwango cha shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Wananchi wakapiga kelele, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa. Lakini katika siku zile ni nani aliyetukanwa vibandani? Ni wakala, kijana aliyekaa juani chini ya mwavuli, ambaye hakutunga sheria wala hakupanga ada. Kama ujumbe wa simu ungalitenganisha kila kato na mwenyewe, matusi yale yangalijua njia ya kwenda.

Floti nayo yafaa ieleweke. Uwekapo fedha kwa wakala, wewe humpa noti naye hukuhamishia kiasi hicho kutoka katika salio lake. Salio hilo ndilo floti. Utoapo, hukupa noti nawe humrudishia. Kwa hiyo wakala asemapo "floti imeisha" hakufukuzi, na wala hujaibiwa. Hana cha kukuhamishia, basi. Na ile namba uionayo katika simu si fedha iliyomo ndani ya simu. Kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake, fedha za wateja wa simu hazina budi kuwekwa benki katika akaunti ya dhamana, mbali na fedha za kampuni. Neno hilo "dhamana" ni la zamani katika lugha yetu, kama vile "amana", "rehani" na "hawala", na mtu wa kawaida hulielewa mara moja. Hatuoni kwa nini lijifiche katika vitabu vya sheria.

Mchuuzi mmoja wa dagaa, ambaye jina lake hatulitaji, alikwisha kuachia magunia yake kwa mnunuzi asiyemjua kwa sababu ya ujumbe uliosema fedha imepokelewa. Ujumbe ulikuwa wa kughushi. Alitazama ujumbe, hakutazama salio. Hapana shaka wako wengi wa namna yake, kama walivyo wengi walioletewa ile sentensi maarufu, "Ile hela tuma kwenye namba hii," wakaituma kwa kuwa siku hiyo kweli walikuwa wakidaiwa. Kutuma ni kuhamisha, si kuahidi. Fedha ikienda kwa namba isiyo yake, kampuni yaweza kuizuia endapo imearifiwa upesi na mpokeaji hajaitoa. Ikiisha kutolewa, kilichobaki ni polisi na subira.

Benki zina njia zao. Tangu mwaka 2004 Benki Kuu inaendesha mfumo uitwao TISS, ambao benki huutumia kulipana, hasa malipo makubwa, moja moja na papo hapo. Na malipo yakiisha kupita humo ni ya mwisho. Baadaye Benki Kuu ikajenga TIPS, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu ili fedha ipite kutoka huku kwenda kule bila kuzunguka. Mwenye kumbukumbu atajua kwamba kabla ya mwaka 2014 mtu wa mtandao mmoja hakuweza kuingiza fedha moja kwa moja katika akaunti ya simu ya mtandao mwingine, na wafanya biashara walitembea na laini tatu mfukoni. Fedha ikiwa benki, na benki ikafilisika, iko Bodi ya Bima ya Amana inayomkinga mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000.

Twataja haya kwa sababu katika kila njia hizi upo mlango wa kubisha hodi: wakala, kampuni, benki, Bodi, Benki Kuu. Sasa tutazame sarafu za mtandaoni, ambazo vijana wetu wanazizungumza sana.

Ya kwanza na mashuhuri, Bitcoin, ilianza mwaka 2009. Aliyeianzisha alijiita Satoshi Nakamoto. Hesabu zake haziandikwi na benki; kompyuta nyingi duniani huweka nakala ya daftari moja, na imepangwa kwamba idadi ya sarafu hizo isizidi 21,000,000. Mwenye nazo ni yule ashikaye ufunguo wa siri. Ufunguo ukipotea, au ukimpa mjanja, hakuna wakala wa kumlilia. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizo si fedha halali katika nchi hii. Kisha tarehe 13 Juni 2021, hapa hapa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua jengo la tawi la Benki Kuu, aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo, yasije yakatukuta hatujajiandaa. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Wako waliodhani kwamba kodi hiyo imeigeuza Bitcoin kuwa fedha halali. La hasha! Mali hutozwa kodi bila ya kuwa shilingi.

Hatusemi kwamba kila mwenye kununua sarafu hizo ni mjinga, wala kwamba kila mwenye kuuza ni mwizi. Tunalochukia ni jina lake kutumiwa kuwa chambo. Mtu huambiwa aweke fedha leo, avune kila siku, na alete wenzake watatu. Nchi hii ilikwisha kuyasikia hayo kwa DECI, ambako watu waliambiwa "wapande mbegu" mpaka Serikali iliposimamisha shughuli zake mwaka 2009. Neno "mbegu" lilikuwa zuri. Kila mkulima alilipenda. Basi akija mtu Kirumba na neno zuri, aulizwe kwanza: fedha ikipotea, nitabisha hodi kwa nani?

Na ndugu zake wako katika mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Mikopo ya namna hiyo wananchi wenyewe walikwisha kuipa jina, nalo ni "kausha damu". Na jina hilo limeeleza habari nzima kuliko mkataba wo wote tuliopata kuusoma.

Hapo ndipo tunapowaona wakubwa wana deni kwetu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na kazi ya kuunda maneno inaendelea. Lakini mikataba ya simu bado imejaa maneno ambayo hata mwandishi wake hawezi kumweleza shangazi yake. Tunazitaka kampuni zitaje kila kato na mwenyewe katika ujumbe, kabla mtu hajabonyeza namba ya siri, si baada yake. Tunaitaka Benki Kuu izibane juu ya hilo.

Vyama vya wafanya kazi na viongozi wa mwaloni wasingoje Dodoma. Kila mwezi mbalamwezi ing'aapo, taa za wavuvi haziwavuti dagaa, mitumbwi hupumzika na watu huwa na nafasi ya kukaa. Matajiri, makuli na wachuuzi wakutane katika siku hizo, wapatane bei ya kupakia gunia, na bei hiyo itajwe pamoja na ya kutolea. Iandikwe katika ubao na kutundikwa mahali pa mizani.