Musaada ao fidia?

Tarehe 4 Novemba 2025 maji yenye sumu kutoka kiwanda cha Congo Dongfang Mining (CDM) yalimwagika katika mitaa ya komini ya Annexe, hapa Lubumbashi. Siku mbili baadaye waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi 3, akaiamuru isafishe, itengeneze na kuwalipa walioumizwa. Juu ya asidi mengi yamesemwa. Mimi nina swali juu ya neno.

Niliwaomba wenzangu wa darasa wanipe neno la Kiswahili cha nyumbani kwa "indemnisation". Wa kwanza alisema musaada. Wa pili, malipo. Wa tatu alicheka: "Ile ni falanga ya pole." Hakuna aliyetaja fidia, neno ambalo nadhani tunalisikia zaidi kanisani kuliko shambani. Na hawa ni wanafunzi wa lugha!

Msaada hutoka katika huruma ya mtoaji. Anayeupokea hushukuru, hahesabu. Fidia ni deni, na mwenye kudai anaweza kuuliza. Mmehesabu matuta mangapi? Mmelipa lengalenga za mavuno haya tu, ao na za misimu ambayo udongo hautazaa? Na muhogo, unaokaa ardhini mwaka mzima kabla ya kufika sokoni, mmeuwekea bei gani? Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018, katika kifungu cha 285 bis, inamlazimisha mwenye haki ya uchimbaji kurekebisha madhara ya kazi zake hata pasipo kosa. Lakini imeandikwa kwa Kifaransa. Mama anayelima kando ya kijito ataisikia kwa mdomo wa mtu mwingine, pengine yule yule anayeshika bahasha.

Mtaniambia kwamba mwenye njaa hachagui neno. Kweli, na ndiyo maana serikali ingetoa kitu mapema, bila kungoja mabishano ya kampuni. Kitu hicho kiitwe msaada, kiandikwe hivyo kwenye karatasi, na saini yake isifunge mlango wa fidia.

Majirani zetu wa Zambia walipatwa na haya kabla yetu. Tarehe 18 Februari 2025 bwawa la taka za mgodi la Sino-Metals Leach Zambia lilibomoka huko Chambishi, sumu ikaingia mto Kafue. Mwaka huo huo wakulima 176 walikwenda mahakamani Lusaka kudai dola bilioni 80. Kiasi hicho kinashangaza, hata mimi kilinishangaza, ila wamekwenda kama wadai.

Katiba yetu inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa na kuipa Serikali kazi ya kuzikuza. Basi fomu yoyote ya malipo kwa wakulima wa Haut-Katanga iwe na Kiswahili kando ya Kifaransa, Kiswahili cha hapa, ikionyesha ukubwa wa shamba, mazao, bei, na mahali pa kupinga hesabu. Kabla ya kuidai kwa gavana, tuanze sisi. Walimu wetu hutupa kazi za kutafsiri kila muhula. Muhula ujao watupe kifungu cha 285 bis.